Goti la Mzee Halitibiwi kwa Kukalishwa

Maumivu ya magoti yameenea miongoni mwa wazee wa visiwa vyetu hata yamefanywa kuwa sehemu ya uzee wenyewe, kama mvi. Mzee akilalamika huambiwa kuwa hiyo ni baridi yabisi na umri nao umekwenda, kisha hutandikiwa mkeka akae. Nasaha hiyo hutolewa kwa huruma, lakini huzidisha maradhi.

Yafaa ieleweke goti linavyofanya kazi. Ncha za mifupa inayokutana gotini zimevikwa gegedu, tabaka lenye utelezi linalozuia mfupa kusuguana na mwenziwe. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hulipata katika maji ya kiungo, na maji hayo huliingia na kulitoka goti linapokunjwa na kukunjuliwa. Kwa hiyo mzee anayekalishwa kutwa hunyimwa mambo mawili: gegedu hukosa lishe, na misuli ya paja, ambayo ndiyo nguzo ya goti, hudhoofika. Maumivu huzidi, naye huzidi kukaa.

Maradhi haya si ya kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 365 duniani waliugua gotini. Huwapata zaidi wanawake, wenye uzito mkubwa, waliowahi kuumia goti, na wale ambao kazi yao ni kuchutama, kupiga magoti na kubeba mizigo. Nani basi asiyewakumbuka kina mama wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989? Wengi walioingia baharini wakiwa vijana leo ni mabibi.

Tiba ya kwanza ni mazoezi, nayo haihitaji fedha. Mzee aketi kitini, anyooshe mguu mmoja mpaka ulingane na paja, ahesabu hadi tano, aushushe polepole. Afanye hivyo mara kumi kwa kila mguu. Akizoea, ajizoeze kuinuka kitini na kuketi tena, na atembee kila siku kwa kadiri ya nguvu zake. Maumivu madogo wakati wa mazoezi si dalili ya kuharibika. Yakiwa makali mpaka siku ya pili, apunguze, asiache.

Tiba ya pili ni kupunguza uzito kwa aliyezidi. Wataalamu wamepima wakaona kuwa kilo 1 inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Mkongojo nao si aibu, bali ushikwe kwa mkono wa upande wa goti zima, si wa goti bovu.

Dawa zina nafasi yake, lakini zina mipaka. Vidonge kama diklofenaki, vikimezwa siku nyingi bila ya daktari, huweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Dawa ya aina hiyo ya kupaka gotini ina hatari ndogo zaidi, nayo ifikiriwe kwanza. Goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, na homa ikafuatia, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na pale ambapo goti limekwisha kabisa, upasuaji wa kuweka goti la bandia upo, na hufanywa hata katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Wapo wazee wanaojilazimisha kusujudu huku wakitokwa na machozi. Dini imekwisha kutoa ruhusa: asiyeweza kusimama asali ameketi. Kiti msikitini si upungufu wa ibada.

Sasa twawageukia watendaji. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni jamii wazee waliotimia miaka 70. Heshima hiyo haina budi ikamilishwe. Ofisi inayomhudumia mzee ghorofani ilhali chini pana chumba, au inayomsimamisha foleni ilhali benchi lapatikana, humtoza malipo ya maumivu kwa haki yake. Huduma za wazee ziletwe chini. Ngazi ziwekwe vishikio. Vyoo vya hospitali na vituo vya afya viwe na kiti cha kukalia. Na wahudumu wa afya wa shehia wafundishwe mazoezi haya ili wayafikishe majumbani.

Hayo yote hayangoji bajeti kubwa, yanangoja utashi. Wazee hawa ndio waliopanda minazi tunayoangua leo na kutulea mpaka tukasimama. Nasi tuwasaidie wasimame.