Amana ya Anayemwogesha Mzee

Hapa Kalemie, mzee aliyestaafu kazi ya reli au ya kiwanda cha nguo cha Filtisaf aghalabu huishi kwa mwanawe, na ahuali yake haiandikwi popote, ila huijua mjukuu anayempelekea maji ya kuoga, ambaye alfajiri moja hutambua kwamba babu, aliyekuwa akivaa shati mwenyewe, sasa anangoja kuvishwa.

Tabibu wa Marekani, Sidney Katz, aliutia ujuzi kama huo katika mizani ya mambo sita aliyoitangaza mwaka 1963: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka, kuzuia haja, na kula; akabainisha kuwa mtu huyapoteza kwa taratibu iliyo kinyume cha ile aliyoyapatia utotoni. Kisha sheria ya mwaka 1987 ikayaamuru makao ya wazee ya nchi hiyo yanayopokea fedha za serikali yampime kila mkaazi kwa karatasi ya namna moja, katika siku 14 za kuingia kwake, na tena kila robo ya mwaka.

Karatasi hiyo ni amana nzito, kwani ndiyo inayokata shauri mzee atunzwe vipi, na makao yalipwe kiasi gani. Lakini mpimaji ni makao yale yale yanayolipwa na kuhukumiwa kwa kipimo hicho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walipoilinganisha na hati za malipo ya hospitali, walidhihirisha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwamba, katika maanguko yaliyowajeruhi wazee vibaya hata wakapelekwa hospitali, ni asilimia 57.5 tu yaliyokuwa yameandikwa na makao yenyewe.

Wala si kila kosa ni hila. Muuguzi anayejaza karatasi mchana huenda hakumwona mzee usiku, na yule mtumishi aliyemwinua mara tatu gizani huenda hakuulizwa. Ndipo mzee dhaifu akaandikwa kuwa anajiweza, akaachwa ainuke peke yake.

Ibra hiyo yatufaa na sisi tusio na karatasi. Tumpelekapo bibi kwa daktari, msemaji wetu aghalabu huwa mwana mkubwa aliyefika jana kutoka Lubumbashi, kwa heshima ya umri wake na ya fedha aliyoleta, na binti anayemwogesha bibi kila siku huketi nje barazani. Na aitwe ndani, aulizwe kwanza, maana ushahidi ulio sahihi anao yeye.