Usiniulize Mama Apakwe Nini

Wiki hii swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa binti anayefanya kazi Doha na kumlipia mama yake ada katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Nairobi: "Sista, mama ametoka kidonda kitakoni. Apakwe nini?" Wanaoniuliza hivi ni watu waliosoma, wanaolipa fedha nyingi kila mwezi, na walioikagua nyumba kabla ya kumpeleka mzazi. Waliona vigae vinang'aa, wakanusa dawa ya sakafu, wakaonyeshwa bustani na televisheni ya sebuleni, wakaridhika. Hakuna aliyeuliza mama atageuzwa na nani saa nane za usiku.

Kidonda cha kulalia hakiletwi na uzee, wala damu chafu, wala joto la kitanda. Kinaletwa na uzito wa mwili kukaa mahali pamoja. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo hujifunga, na nyama isiyofikiwa na damu hufa. Mara nyingi huanza kufa kule ndani, karibu na mfupa, kwa hiyo mchubuko unaouona juu ya ngozi huenda umefunika shimo. Kwa mzee asiyeweza kujigeuza, saa chache zinatosha.

Sasa spiriti. Nyumba nyingi ninazoingia nakuta chupa yake kando ya kitanda, na mkebe wa poda. Mlezi humimina kiganjani, akasugua kitako na visigino mpaka pakapata moto, kisha akanyunyiza poda. Wanaita kuamsha damu. Nami nilifundishwa hivyo chuoni, nikawafanyia wagonjwa wangu miaka kadhaa, na tulikuwa tunawaumiza. Spiriti ikikauka huondoka na mafuta ya ngozi, na ngozi ya mzee, nyembamba kama ganda la kitunguu, hukauka na kupasuka. Kusugua mahali palipokwisha kubanwa ni kuichanachana nyama ambayo tayari imenyimwa damu. Miongozo ya uuguzi ya kimataifa ilikwisha kutuonya zamani. Poda nayo ikikutana na mkojo hugandamana ikawa vipunje vinavyokwaruza. Lakini hasara kubwa kuliko zote ni hii: mlezi aliyesugua dakika tano huamini kazi imekwisha, akamlaza mama chali palepale alipokuwa.

Mwaka 1962 muuguzi Doreen Norton na wenzake walichapisha Uingereza kazi yao juu ya wagonjwa wazee hospitalini, na humo tukapata kipimo cha hatari kinachotumika hadi leo. Kinauliza mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kama mgonjwa anatembea, kama anaweza kujigeuza, na kama anazuia haja. Alama ya juu ni 20. Akipata 14 kushuka chini, yumo hatarini. Hakuna hata swali moja linalouliza amepakwa nini. Muulize msimamizi wa nyumba mama yako ana alama ngapi. Asipokuelewa unazungumzia nini, umeshajua jambo muhimu.

Na hizi pete za mpira za kukalia mnazotuma kutoka ng'ambo, tafadhali, basi. Pete huondoa uzito katikati na kuubana pembeni, kidonda kikazungukwa na nyama isiyopata damu. Glavu iliyojazwa maji chini ya kisigino nayo ni vivyo hivyo: haisaidii.

Yule binti aliniomba niende kumwangalia mama, nikaenda saa nne asubuhi bila kutoa taarifa. Chati ya kugeuza ilikuwa imetundikwa miguuni pa kitanda, safi, kila baada ya saa mbili: kulia, chali, kushoto. Ilikuwa imejazwa mpaka saa kumi na mbili jioni ya siku hiyohiyo. Chati ilisema saa ile mama yuko ubavu wa kushoto. Mama alikuwa chali, kikombe cha maji kiko dirishani asikoweza kufika. Nilimfunua miguu. Kisigino cha kulia kilikuwa laini kama embe lililoiva mno, chenye weusi wa zambarau. Mlezi aliniambia hajaona chochote kwa sababu hapakuwa na wekundu.

Hapo simlaumu yeye peke yake. Vitabu vingi vinamfundisha atafute wekundu, na ngozi nyeusi mara nyingi haiuonyeshi. Kwa watu wetu tafuta mahali palipokolea rangi kuliko jirani yake, pagumu au pabonyevu, pa moto au pa baridi ukigusa kwa mgongo wa mkono, au panapomfanya mzee akunje uso. Utaona tu ukifunua. Kumtembelea mzazi ukaishia kumshika mkono juu ya blanketi si kumkagua.

Basi fanya hivi. Nenda bila taarifa, mara moja wakati wa chakula, mara moja usiku au Jumapili. Fungua soksi, mgeuze, tazama visigino, nyonga na kitako. Uliza wazee wangapi kwa mlezi mmoja usiku, na uzito wa mzazi wako mwezi huu na mwezi uliopita. Akiwa amefungwa kwenye kiti, au analala mchana kutwa, uliza anapewa dawa gani na nani aliyeiandika. Kitandani alazwe ubavu kidogo, mto mgongoni, na mto mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Godoro la hewa husaidia, ila kugeuzwa kuko palepale. Apewe mayai, maharage, samaki, maji. Wakikuzuia kuona mwili wa mzazi wako, mhamishe. Kama huna pa kumhamishia, mlipe mlezi mmoja wa usiku unayemjua na umtembelee ghafla pia. Aliye mbali amtume ndugu, na picha apigiwe ya kisigino, si ya uso. Kidonda kikiwa cheusi au kinanuka, au mzee ana homa na ameanza kuchanganyikiwa, ni hospitali leo hii.