Je, Majina ya Mifumo ya Uchumi Yangali na Maana?

Wako wasemao kuwa maneno ubepari na ujamaa yamekwisha kazi yake, na kwamba yafaa yaachiwe wanahistoria. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa kosa halimo katika maneno yenyewe, bali katika kuyapokea bila kuyapima.

Neno bepari lina asili ya Kihindi na Kigujarati, nako humaanisha mfanyabiashara tu. Siasa ya karne ya 20 ndiyo iliyolipa maana ya mwenye mtaji anayenufaika na kazi ya wengine. Ujamaa nao umetokana na jamaa. Mwalimu Nyerere alilieleza neno hilo kuwa msingi wa siasa yake mwaka 1962, na Azimio la Arusha la 1967 likaagiza njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma. Masharti ya viongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Hata hivyo Katiba ya Tanzania ingali inaiita nchi hiyo ya kijamaa. Jina limedumu, mambo yamebadilika.

Upande wa Zaire, chama cha MPR kilidai kuwa si cha kushoto wala cha kulia. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatakuwa ya Wazaire. Kwa jina, mali ilirudi kwa taifa. Kwa kweli, sehemu kubwa iliangukia wakubwa wa serikali na wa chama. Biashara nyingi zilidhoofika, na mwaka 1976 wageni wakaanza kurudishiwa mali zao.

Tutazame sasa soko la Kadutu, mjini Bukavu. Mama auzaye unga wa muhogo ni bepari kwa asili ya neno. Lakini mtaji wake ni gunia moja, hana mwajiriwa, na faida yake huishia katika karo ya watoto. Achangapo na wenzake katika likelemba, kila mmoja akipokea kwa zamu, hapo pana ujamaa usioamriwa na dola yoyote.

Basi majina haya yangali na maana, mradi kila moja liulizwe maswali matatu: nani amiliki, nani aamua, na nani ala matunda? Waliokosa kuuliza hayo mwaka 1973 walishangilia mali ya taifa, wakaja kukuta duka tupu.