Kompyuta ya Kuchezea Gemu: Tazama Ndani Kabla ya Kutoa Fedha



Jioni moja hapa Idodi, baada ya kipindi, mama mmoja mwanakisomo alibaki nyuma. Wenzake walikwisha kwenda.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwalimu. Nina neno. Mwanangu amemaliza kidato cha nne. Anataka niuze mpunga nimnunulie laptopu ya kuchezea gemu. Baba yake amekataa kabisa. Nyumbani hakuna maelewano. Wewe wasemaje?"

Nilimwambia swali lake ni zuri, na kwamba si lake peke yake. Wazazi wengi wanaulizwa hivyo siku hizi. Basi leo tulieleze jambo hili polepole.

Laptopu ni kompyuta ya kubeba, inayofunguka na kufunga kama kitabu. Gemu ni mchezo unaochezwa kwenye kioo chake: mpira, mbio za magari, sataranji na mingine. Kucheza si kosa. Wazee wetu hucheza bao na drafti wakipumzika. Shida ni kwamba bao halili magunia ya mpunga, laptopu inakula.

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Siku hizi zinauzwa wazi madukani, nzima na mbovu pamoja. Kwa hiyo mnunuzi ajue anachokitafuta.

Kwanza, jua kazi yake

Gemu hazilingani uzito. Zipo nyepesi na zipo nzito. Kwa mfano, gemu ya mpira iitwayo PES 2013, au ile ya GTA San Andreas iliyotoka mwaka 2004, ni za zamani. Laptopu ya kawaida ya ofisini huweza kuzicheza. Gemu kubwa za sasa zinataka mashine yenye kadi ya picha ya pekee. Mashine hiyo ni ghali, ina joto, na inakula umeme mwingi. Tena gemu moja kubwa huweza kuzidi GB 50. Hebu fikiria bando la intaneti la kuipakua!

Pawatila hulima shamba vizuri, lakini huwezi kuifunga tela la lori. Kijana aandike kwenye karatasi majina ya gemu anazotaka. Karatasi hiyo iende naye dukani. Kama ni gemu nyepesi za kupumzikia, msinunue mashine ya gemu nzito.

Pili, usidanganywe na ganda

Laptopu nyingi za bei nafuu tunazoziona mjini zimekwisha tumika, nyingi zikiwa zimetoka maofisini nchi za nje. Utakuta HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad. Hizi zilitengenezwa kwa kazi za kila siku, na nyingi ni imara. Kwa fedha hiyo hiyo huweza kupata mpya inayong'aa, lakini ndani ina nguvu ndogo. Kwa hiyo soma mambo matatu ya ndani:

1. Prosesa. Huu ndio ubongo wa mashine. Jina lake huandikwa hivi: i5-6300U au i5-8350U. Tazama namba iliyo baada ya kistari. Ikianza na 6, ni kizazi cha 6. Ikianza na 8, ni kizazi cha 8. Ikianza na 10, 11 au 12, ni kizazi cha 10, 11 au 12. Tafuta kizazi cha 8 au zaidi. Sababu yake ni hii: laptopu nyingi huendeshwa na programu iitwayo Windows. Kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Inayofuata ni Windows 11, na kwa prosesa za Intel, karibu zote zinazokubaliwa rasmi ni za kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine ya zamani zaidi haitazimika, ila itakosa kinga mpya dhidi ya wezi na virusi.

2. RAM. Hii ni kama turubai la kuanikia mpunga. Turubai likiwa dogo, unaanika kidogo kidogo na kazi inachelewa. Tafuta RAM ya GB 8. GB 4 ni ndogo kwa siku hizi. Uliza pia kama RAM yaweza kuongezwa baadaye.

3. Ghala. Hiki ndicho kihenge cha kutunzia gemu, picha na barua. Kuna aina mbili. HDD ina sahani inayozunguka ndani, nayo huharibika upesi ikidondoshwa. SSD haina kitu kinachozunguka, na ina kasi zaidi. Chagua SSD ya GB 256.

Usitegemee maneno ya muuzaji wala karatasi iliyobandikwa. Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi R. Andika dxdiag, kisha bonyeza Enter. Ikiuliza swali, jibu Yes. Utaona jina la prosesa na kiasi cha RAM. GB 8 huandikwa 8192MB. Ukubwa wa ghala hauonekani hapo, kwa hiyo mwambie muuzaji akuonyeshe mahali pengine.

Tatu, ijaribu kabla ya kulipa

Mimi mwenyewe niliwahi kununua laptopu mjini bila kuijaribu vizuri. Dukani ilikuwa imechomekwa kwenye umeme muda wote, nami sikuuliza. Nilipofika nyumbani umeme ukakatika, nayo ikazima pale pale. Kumbe betri ilikuwa imekufa! Kurudi mjini kulinigharimu nauli na siku nzima, na muuzaji akasema hakuandika dhamana. Jifunze kwangu. Fanya hivi:

Zima mashine, kisha iwashe. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache. Huenda bado imefungwa na mwenyewe wa kwanza, au ni ya wizi.

Chomoa chaja. Cheza gemu dakika 20 hapo hapo dukani. Tazama chaji imeshuka kiasi gani. Kama ilikuwa asilimia 90 na sasa ni 40, betri imechoka.

Bonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja. Tazama kioo kama kina madoa au mistari. Sikiliza feni. Ikipiga kelele ya kukwaruza, iache.

Mwisho, dai risiti ya mashine ya EFD, na dhamana iandikwe: ni ya siku ngapi, na kwa ubovu upi. Dhamana ya mdomo ni ngumu kuidai.

Nne, piga hesabu yote

Wengi huhesabu bei ya mashine tu. Hapo ndipo tunapokosea. Tuchukue mfano wa hesabu:

Laptopu: shilingi 450,000
Kipanya na begi: shilingi 35,000
Nauli na chakula cha safari: shilingi 30,000
Akiba ya matengenezo: shilingi 60,000
Jumla: shilingi 575,000

Tuseme gunia moja la mpunga linauzwa shilingi 100,000. Basi laptopu hii ni karibu magunia sita, wala si manne na nusu kama ulivyodhani mwanzo. Bei za kweli ziulize mwenyewe, katika maduka yasiyopungua matatu. Lakini kabla ya kuuza, toa kwanza chakula cha nyumbani, mbegu, na mahitaji ya wadogo zake walioko shule. Kinachobaki ndicho cha kuhesabia. Kisipotosha, subirini msimu mwingine.

Wenye umeme wa jua wawe waangalifu zaidi. Chaja ya simu ndogo hutumia wati 5 hadi 10. Chaja nyingi za laptopu hizi ni za wati 45 au 65. Paneli ndogo ya taa na simu haitaiweza.

Tena kwetu Idodi kuna joto na vumbi. Laptopu huvuta hewa kwa chini au ubavuni ili ipoe. Usiiweke juu ya godoro wakati wa kucheza. Iweke mezani, na ukimaliza iache ipoe kwanza, ndipo uifunike kwa kitambaa.

Mama yule na mwanawe

Nilimweleza mama haya yote, naye akayapeleka nyumbani. Juma lililofuata alinipa habari. Walikaa watatu, baba, mama na kijana. Kijana aliandika orodha yake. Gemu zote zilikuwa nyepesi! Baba alipoona hesabu imeandikwa, alikubali kuzungumza. Walipatana hivi: magunia ya chakula na mbegu hayaguswi. Mama atauza magunia mawili. Kijana atatafuta kiasi kinachobaki kwa vibarua vya kuvuna. Mashine ikipatikana, atajifunza pia kuandika barua na hesabu za kikundi cha mama yake.

Mpaka naandika makala haya hawajanunua. Kijana bado yuko shambani. Lakini nyumbani wanaelewana, na mpunga wa chakula uko kihengeni.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kijana aandike orodha ya gemu kabla ya kwenda dukani?
2. Laptopu imeandikwa i5-7300U, RAM GB 8. Je, ni kizazi cha ngapi? Ungeinunua? Toa sababu.
3. Katika nyumba yako, ni vitu gani havifai kuuzwa kwa ajili ya kununua laptopu? Viandike, kisha mzungumze na wenzako darasani.