Imani Isiyofutwa na Mtihani

Mwanafunzi wa darasa la saba, awe wa Sofu mjini Kibaha au wa Maneromango wilayani Kisarawe, hababaishwi na swali la chanzo cha malaria: huenezwa na mbu jike aina ya anofelesi. Akirudi nyumbani msimu wa vuli na embe bichi mkononi, huenda akaonywa na wakubwa zake kwamba embe hilo ndilo litakalomletea homa. Majibu yote mawili anayo, la mtihani na la nyumbani, nayo hukaa kichwani mwake bila kugombana.

Imani ya maembe haikuzuka hivi hivi. Mkoani Pwani maembe hujaa sokoni kuelekea mwisho wa mwaka, mvua za vuli zinapokuwa zimeacha madimbwi, na humo mbu huzaliana. Homa na maembe hufuatana, lakini kimoja hakileti kingine. Mwalimu asipolifungua fundo hilo darasani, somo la mbu huwa limewekwa tu juu ya imani ya zamani.

Kwa embe hasara ni ndogo. Kwa degedege ni uhai wa mtoto.

Katika degedege, mtoto mwenye homa kali hukakamaa ghafla, macho yakageuka, viungo vikatikisika. Mara nyingi chanzo ni malaria. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta wazazi wengi wakianzia kwa mganga, ambako mtoto aliogeshwa dawa za miti shamba au kufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo. Degedege lilihusishwa na shetani, na iliaminika kuwa sindano humuua mtoto mwenye hali hiyo.

Imani hiyo nayo ilikuwa na mashahidi. Mara nyingi degedege hukoma lenyewe baada ya dakika chache, hivyo mganga alionekana ameponya. Mtoto ambaye hakupona alifikishwa hospitali amechelewa, akachomwa sindano, akafariki. Lawama ikaiangukia sindano. Kumwambia mama wa mtoto huyo kwamba ni mjinga hakumsaidii, kwa kuwa aliyoyaona aliyaona kweli. Anachohitaji ni kuelezwa kwa nini mambo yalikwenda hivyo.

Wasomi pia wamewahi kuwa na imani za kuacha. Kwa karne nyingi madaktari wa Ulaya walifundisha kwamba malaria hutokana na hewa mbaya ya mabwawa. Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyefika Usambara mwishoni mwa karne ya 19, aliwakuta wenyeji wa milimani wakisema homa wanayoipata wakishuka tambarare huletwa na mbu. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa India, alikuwa ameviona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Vitabu vikaandikwa upya.

Tanzania imewahi kujaribu njia iliyo bora kuliko kukariri. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mjadala ulimpa mtu nafasi ya kuitoa imani yake hadharani na kuipima mbele ya wenzake. Miaka ya baadaye, utafiti uliofanyika Kilosa na Handeni ulionyesha kuwa waganga wa jadi wako tayari kushirikiana na hospitali, jambo ambalo lisingewezekana kwa kuwadharau.

Kwa hiyo mwalimu, kabla ya kuandika ubaoni chanzo cha malaria, waulize wanafunzi wako nyumbani wanasemaje, na jibu lolote usilicheke. Nawe mzazi, mtoto akipatwa na degedege mlaze kiubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na umwahishe kituo cha afya hata kama ametulia.