Breki ya Pikipiki na Amana ya Roho: Tutengeneze au Tubadilishe?

Ilikuwa baada ya Swala ya Alasiri, mvua imekatika punde, nami nikimpeleka binti yangu wa miaka tisa madrasa kwa pikipiki yetu ndogo ya cc 100. Tulikuwa tukiteremka kuingia mjini Morogoro pale daladala iliyokuwa mbele yetu iliposimama ghafla kushusha abiria. Nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zangu zote. Tairi la nyuma likajifunga, likateleza upande, na pikipiki ikaendelea kwenda kana kwamba haikusikia amri. Tulikuja kusimama pembeni, kwenye majani, hatua mbili tu kutoka nyuma ya lile gari. Alhamdulillah, hakuna aliyeumia. Mtoto alishuka kimya, akaokota juzuu yake iliyodondoka, akaifuta tope kwa upindo wa mtandio wake, kisha akasema kwamba njia iliyobaki atakwenda kwa miguu.

Usiku ule mama yao hakunilaumu. Aliuliza swali moja tu: "Baba, pikipiki hii inasimama au haisimami?" Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni azma ya kuiuza na kutafuta nyingine yenye breki za diski. Ndugu msomaji, makala haya ni safari ya kulitafuta jibu la swali lile, kwa kuwa naamini limo katika nyumba nyingi zetu ambako pikipiki ndogo ndiyo gari la familia.

Alichokiona fundi

Asubuhi niliipeleka kwa fundi, mzee aliyezeeka na spana mkononi. Aliizungusha gurudumu la mbele, akabana breki ya mkono, akatabasamu. "Mwalimu, breki hii ya mbele umeiweka urembo," alisema. Waya wake ulikuwa umelegea na kushika kutu, kwa sababu kwa miaka yote sikuitumia. Niliambiwa nilipokuwa najifunza kuendesha kwamba breki ya mbele humrusha mtu juu ya usukani, nami nikaishi na maneno hayo bila kuyachunguza. Alipoifungua ngoma ya nyuma, viatu vya breki vilikuwa vimelika karibu kufikia chuma.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kila mwenye pikipiki anapaswa kulijua. Chombo kinapopunguza mwendo, uzito wake na wa waliopanda huegemea mbele. Tairi la mbele hulishika zaidi lami, na la nyuma huwa jepesi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha pikipiki iko mbele. Anayekanyaga breki ya nyuma peke yake kwa nguvu hulifunga tairi lisilo na uzito, na tairi lililojifunga huteleza. Breki ya mbele humwangusha anayeikamata kwa kushtukia au akiwa kwenye kona. Anayeibana taratibu na kuongeza nguvu kidogo kidogo, pamoja na ile ya nyuma, humsimamisha salama.

Hesabu ya mita

Hebu tuangalie hesabu. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja kabla ya kushika breki, mita hizo zimekwisha kwenda. Baada ya hapo, kwenye lami kavu na breki zinazofanya kazi vizuri, utahitaji takribani mita 28 nyingine. Jumla ni mita 45. Kwa kilomita 30 kwa saa, hesabu hiyohiyo inatoa mita 8 za kushtuka na mita 7 za kusimama, yaani 15 tu. Mwendo umepungua nusu, lakini umbali wa breki umepungua mara nne. Basi breki ya kwanza ya pikipiki ni mkono wa mwendeshaji kwenye mafuta, na breki hiyo hainunuliwi.

Je, breki za diski ni bora? Ndiyo, na sababu zake ziko wazi. Breki ya ngoma imefunikwa. Ikipata moto kwenye mteremko mrefu nguvu yake hufifia, na maji yakiingia hukauka polepole. Diski iko wazi kwenye upepo, hupoa haraka na kujikung'uta maji. Pia mkono huhisi vizuri zaidi kiasi cha nguvu unachotia. Lakini diski nayo ina masharti: pedi zake hulika, na mafuta yake ya breki hunyonya unyevu, hivyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Diski isiyotunzwa haina ubora wowote juu ya ngoma iliyotunzwa.

Kuna hatua mbili zaidi. Ya kwanza ni breki zilizounganishwa, ambapo ukishika moja, na ya pili hufanya kazi kwa kiasi. Ya pili ni mfumo unaojulikana kwa herufi ABS, ambao huzuia tairi lisijifunge hata ukibana kwa hofu. Nchini India, zinakotengenezwa pikipiki nyingi tunazozitumia, kuanzia Aprili 2019 sheria ilitaka pikipiki mpya zinazozidi cc 125 ziwe na ABS, na zile za cc 125 kushuka chini ziwe angalau na breki zilizounganishwa. Sheria hiyo ilihusu zinazouzwa kwao. Usidhani kwamba inayofika kwetu lazima ina vifaa hivyo. Uliza, na uone kwa macho. Aidha, ABS haivunji maumbile: kwenye kokoto na udongo uliolegea inaweza hata kurefusha umbali wa kusimama.

Fundi mwingine alinishauri nifungiwe diski iliyotoka kwenye pikipiki nyingine. Niliacha. Ekseli, rimu na shokapu za mbele vikipachikwa pasipo kulingana, dawa hugeuka ugonjwa.

Uamuzi wa nyumbani

Tulikaa, mimi na mama watoto, tukaandika. Kuuza ya zamani na kununua mpya yenye diski mbele kulihitaji nyongeza ya zaidi ya shilingi milioni 1.5. Mkopeshaji mmoja alikuwa tayari kunikabidhi pikipiki siku ileile kwa marejesho ya kila wiki yenye nyongeza. Kuikimbia hatari ya barabarani ili tuangukie kwenye riba hatukuona kuwa ni wokovu. Na lilikuwapo swali jingine: pikipiki ile ningemuuzia nani, katika hali gani? Kumficha mnunuzi ubovu wa breki ni kumhamishia ajali ndugu yako, na dini yetu haimruhusu muuzaji kuificha kasoro anayoijua.

Basi tukaamua hivi. Breki zote zikatengenezwa wiki ileile: viatu vipya, waya mpya, na tairi la nyuma lililokuwa kipara likabadilishwa. Mtoto akanunuliwa kofia ngumu inayomkaa kichwani. Mishikaki ikakoma, sipakii tena watoto wawili kwa pamoja, hata kama ni safari ya dakika tano. Kwa Jumamosi tatu nilikwenda kwenye uwanja mtupu kujifunza upya kutumia breki ya mbele. Na fungu la mama la upatu likatengwa kwa ajili ya pikipiki yenye diski, kwa kuwa sisi tunateremka kwenye lami kila siku, mvua na jua, tukiwa na abiria. Kwa mwenye safari fupi za polepole kwenye njia za vumbi, huenda matengenezo, tairi zuri na kofia vikamtosha kwa muda mrefu.

Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sheria yetu, na Mtume (s.a.w.) alitufundisha kumfunga ngamia kwanza kisha ndiyo tumtegemee Allah. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa nikisoma dua ya safari huku ngamia wangu hana kamba.

Siku hizi, kabla ya kuiwasha, naibana breki ya mbele na kuisukuma pikipiki, kisha nafanya hivyo kwa ya nyuma. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Binti yangu husimama pembeni akitazama, kofia kichwani na juzuu kifuani, na hapandi mpaka aone gurudumu limegoma kuzunguka.