Mbeleko Mgongoni mwa Baba

Siku niliyomfunga binti yangu mgongoni kwa mbeleko nikapita mbele ya kijiwe cha kahawa, vikombe viliganda hewani. "Huyu shemeji kamlisha limbwata," mmoja akasema. Wakacheka. Nami nikacheka, ila shingo iliniwaka moto.

Hakuna aliyenigusa, lakini niliadhibiwa. Ndivyo ulivyo ule uanaume ambao mwanasosholojia wa Australia, Raewyn Connell, aliuandikia kitabu mwaka 1995: kati ya namna nyingi za kuwa mwanamume, moja hukalia kiti cha enzi, ikatawala wanawake na hata wanaume wasioifuata. Haihitaji fimbo kila siku, kicheko kinatosha. Baba yangu alinifunza kwa neno moja: "Jikaze." Alipofiwa na mama yake, alikwenda kulia bafuni, bomba kalifungulia maji.

Kilichofunzwa hufunzika upya. Nchini Rwanda, mpango wa Bandebereho uliwakalisha akina baba na wenzi wao wakazungumzia ujauzito, fedha na ugomvi. Utafiti ukaonyesha kuwa ukatili dhidi ya wake ulipungua. Sheria nayo ina mkono wake: Kenya humpa baba mwajiriwa likizo ya wiki 2, Tanzania, kwa sheria ya 2004, angalau siku 3. Siku 3 zinatosha kupika mtori, hazitoshi kuzoea kuamka usiku.

Juzi nilipita tena kijiweni. Yule wa limbwata akanivuta pembeni, akanong'ona: "Kaka, hiyo mbeleko inafungwaje?"